Mhariri, chati zilizoinamishwa zinatupotosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yenu ya barua. Jumamosi iliyopita, ukurasa wa biashara, mlichapa chati ya duara yenye rangi tano, imeinamishwa kama sinia lililoegemezwa ukutani, na upande wa chini ina ukingo mnene kama keki ya harusi. Kipande cha mbele ndicho kilichonivuta macho. Niliposoma tarakimu zilizobanwa pembeni kwa herufi ndogo nikakuta kumbe ni cha tatu kwa ukubwa. Siandiki kwa hasira. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Mimi ni fundi wa programu hapa Kihonda, Morogoro. Riziki yangu kubwa ni mifumo midogo ya SACCOS: akiba, hisa, mikopo, marejesho. Mwaka juzi chama kimoja kilitaka ripoti ya mkutano mkuu "iwe na mvuto". Nilikuwa natumia JpGraph, maktaba (yaani mkusanyiko wa programu zilizo tayari) ya kuchorea chati kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Humo, kuigeuza chati bapa iwe na kina si kazi ya kutoa jasho: palipoandikwa PiePlot unaandika PiePlot3D, unaongeza faili lake, basi. Ipo pia SetAngle, ya kuamua iiname kiasi gani. Nikainamisha mpaka roho ikaridhika. Mwenyekiti alipoiona kwenye kompyuta akasema, "Hii sasa ndiyo ya kisasa," nami kichwa kikavimba.

Siku ya mkutano projekta ikawashwa. Mweka hazina akasoma: mikopo ya biashara ndiyo mingi zaidi, ya ada za shule inafuata. Mama mmoja muuza vitenge, mwanachama wa siku nyingi, akasimama.

"Mwanangu, hebu rudia. Biashara ndiyo hiyo bluu ya pembeni?"

Ndiyo, mama.

"Na ada ni hili jekundu la mbele?"

Ndiyo.

"Sasa mbona jekundu limeipita bluu? Au mna hesabu za ukumbini na hesabu za ofisini?"

Ukumbi mzima ukaguna. Tulipoteza karibu nusu saa, mweka hazina akipekua daftari na kujitetea kwa kosa lisilokuwa lake, na mimi nimekaa nyuma ya projekta natamani ardhi inimeze. Hesabu zilikuwa sawa mpaka senti ya mwisho. Mchoro wangu ndio uliokuwa ukisema ya kwake.

Usiku ule sikulala kabla ya kufanya jaribio. Nilichora duara la vipande vinne vilivyo sawa, asilimia 25 kila kimoja: kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja kulia, kimoja kushoto. Nikaliinamisha mpaka kimo chake kikawa nusu ya upana. Nikachapa kwenye karatasi, nikamwazima binti yangu kipimapembe chake cha shule. Kila kipande kilipaswa kuwa na nyuzi 90. Cha mbele na cha nyuma vilikuwa na nyuzi 127 kila kimoja. Vya kulia na kushoto, nyuzi 53. Robo na robo hizo, moja imekuwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake!

Mafundi wenzangu watanikosoa kwamba eneo la uso wa juu halikuharibika, na ni kweli: duara limebanwa lote kwa pamoja, kwa hiyo vipande vyote vinne bado vina eneo lile lile. Lakini msomaji wa gazeti hapimi eneo. Jicho lake linakamata pembe, kisha linajumlisha na ule ukingo, na ukingo huonekana upande wa mbele tu. Nilikokotoa hata hilo. Ukingo wenye kimo cha moja ya tano ya nusu kipenyo unakiongezea kipande cha mbele rangi ya ziada, asilimia 72 ya uso wake. Cha pembeni kinapata asilimia 15. Cha nyuma hakipati kitu. Ndiyo maana ada za shule zilishinda ukumbini.

Si sisi wa Kihonda tu. Januari 2008 Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alipanda jukwaani San Francisco na chati ya namna hiyo hiyo, ikionyesha soko la simu janja Marekani. Apple walikuwa na asilimia 19.5, kundi la "wengineo" asilimia 21.2. Kipande cha Apple kilikaa mbele, kikaonekana kikubwa kuliko cha wengineo. Yule hakuwa na mama wa vitenge wa kumsimamisha.

Chati za mihimili yenye kina, zile za nguzo zilizosimama, nazo zina vituko vyake. Mhimili unasimama mbele, mistari ya vipimo imechorwa kwenye ukuta wa nyuma, na mchoro unatazamwa kutoka juu. Ukifuata kilele cha mhimili mpaka kwenye mstari, unasoma namba ndogo kuliko iliyo kweli. Jirani yangu mfanyabiashara wa mahindi huwa anaweka rula kwenye gazeti kutafuta bei. Rula imenyooka, ila anachopima hakiko kwenye ukuta ule.

Sisemi kina kipigwe marufuku. Nikitaka kuichora Milima ya Uluguru, nina latitudo, longitudo na mwinuko, namba tatu kwa kila nukta, na hapo mchoro wa 3D una kazi ya kufanya. Matplotlib, maktaba ya Python, lugha nyingine ya programu, aliyoianzisha John Hunter akiwa mtafiti wa mambo ya ubongo, inauchora vizuri, na kwenye kompyuta unauzungusha kwa mausi mpaka uone bonde lililojificha nyuma ya kilele. Lakini mikopo ya SACCOS ni aina na kiasi, basi. Kina kinachoongezwa pale hakitoki kwenye daftari lolote. Na gazeti halizungushwi kwa mausi.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Cleveland na McGill, walichapisha majaribio waliyofanya na watu: walipokadiria kwa kulinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, makosa yao yalikuwa madogo kuliko walipokadiria pembe. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mchoraji wenu achore mihimili bapa, yote ianzie sifuri, na tarakimu iandikwe juu ya kila mhimili kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila kuazima miwani. Akilazimika kutumia duara, basi alilaze kama chapati.

Nami nimeshafuta ile "3D" kwenye programu ya chama kile. Mwenyekiti ananuna, anasema ripoti imerudi kuwa ya kizamani. Mkutano mkuu mwingine ni mwezi ujao, na yule mama amenitumia salamu kwamba safari hii anakuja na kipimapembe cha mjukuu wake.

Msomaji wenu,
Fundi wa programu, Kihonda, Morogoro