Tumalize dozi ipi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu likiuzwa na vijana wa baiskeli na sijawahi kukuandikia, hata pale mlipoihamishia wilaya yetu mkoa mwingine. Lakini ile habari ya usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzizoea antibayotiki hadi zisiwaue, iliyopambwa na picha ya mgeni rasmi na watu wake wamevaa fulana za kampeni, imenishinda kuinyamazia. Mgeni rasmi katusema sisi wananchi kwamba tunakatisha dozi, na mwandishi wako kayabeba maneno kama yalivyo hadi kwenye kichwa cha habari. Swali hata moja hakuuliza.

Sikatai kwamba dozi zinakatishwa. Mtu akipata nafuu, vidonge vinavyobaki vinahamia juu ya kabati kumsubiri mgonjwa mwingine wa nyumba hiyo. Mtoto akijikata, kidonge cha rangi mbili kinafunguliwa na unga unamwagiwa kwenye kidonda. Mafua kidogo tu, mtu kakimbilia Amoksilini, antibayotiki ya kuua bakteria, na mafua ni kirusi ambacho Amoksilini haikigusi. Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopewa Nobel mwaka 1945 alisema wazi kwamba dozi pungufu zitawazoesha vijidudu dawa. Onyo hilo lina umri mkubwa kuliko Uhuru wetu, kwa hiyo mgeni rasmi hajatuletea jipya. Ninachotaka kujua mimi ni nani pale dirishani anatueleza hiyo dozi inamezwaje.

Nina shemeji yangu. Aliandikiwa antibayotiki ya doksisaiklini na daktari, kwa cheti, kihalali kabisa, wala hakujinunulia kiholela. Akaenda duka la dawa, na mimi nilikuwa naye. Binti akavuta boksi, akatoa karatasi ya vidonge, akaikata kwa mkasi, na mkasi wenyewe ukapita palepale penye jina la dawa na tarehe ya kuisha muda. Vidonge vikaingia kwenye kibahasha, juu yake akaandika kwa kalamu "1x2". Basi. Shemeji akauliza, kabla ya chakula au baada? "Vyovyote tu baba," huku anapokea hela ya mteja mwingine. Sasa shemeji ni mtu mtiifu, ukimwambia mara mbili ni mara mbili. Asubuhi kimoja, usiku kimoja. Na cha usiku alikuwa anakikumbuka ameshapanda kitandani, anakimeza kwa funda la maji lililobaki kwenye kikombe, anajilaza. Doksisaiklini haimezwi hivyo! Inataka glasi nzima ya maji, umekaa wima au umesimama, na usilale mpaka ipite angalau nusu saa, kwa sababu ikikwama njiani inaunguza umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ikamuunguza. Kifua kikaanza kuwaka, akadhani ni kiungulia, akatafuna Magneziamu, na Magneziamu nayo huikamata doksisaiklini tumboni isifyonzwe vizuri, kwa hiyo hata ile kidogo iliyokuwa inafika ikapungua. Ikafika siku mate yenyewe hayapiti, uji anaumeza machozi yanamtoka. Mkewe akarudi dukani kulekule kueleza. Unajua alipewa nini, Mhariri? Azithromaisini, vidonge vitatu. Koo linauma, si ndiyo? Yaani kidonda kilicholetwa na antibayotiki kikapelekewa antibayotiki nyingine, na ile ya kwanza ikaachwa njiani kwa kuwa haimezeki. Tulikuja kuelezwa na tabibu wa kituo cha afya, mtu mpole, aliyetumia dakika tano hivi na kalenda ya ukutani kutuchorea umio. Kwa hesabu za mgeni rasmi, shemeji yangu sasa ni mkatisha dozi.

Mtasema karatasi ya maelezo ipo. Ipo ndiyo, moja, ndani ya boksi la vidonge mia, kwa Kiingereza, kwa herufi za kusomea lenzi, na boksi halitoki dukani. Sisi tunaondoka na "1x3". Huyo wa Amoksilini anameza kimoja na chai, kimoja na ugali wa mchana, kimoja jioni akitoka shamba, halafu usiku kucha hakuna kitu mwilini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni kila baada ya saa nane. Dawa ya watoto ya unga ndiyo usiseme. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa na kupoa, yafike kwenye alama, chupa itikiswe kila mara, na ikifika siku iliyoandikwa kwenye lebo, saba au kumi na nne, kinachobaki kimwagwe. Kijiko ni mililita 5. Kijiko kipi nyumbani kina mililita 5, hiki cha pilau?

Na kwa kuwa nimeshachafukwa, hizi maabara za uchochoroni nazo mbona hamziandiki? Unaingia na maumivu ya kichwa, unatoka na UTI na "taifodi kidogo". Taifodi kidogo ni ugonjwa gani? Kipimo cha Widali peke yake hakitoshi kumthibitishia mtu taifodi, na kuotesha mkojo maabara kuona kama kuna bakteria hakuna anayekutajia, maana majibu hayatoki siku hiyohiyo. Mtaani kwetu nadhani amebaki mjumbe tu ambaye hajaambiwa ana UTI, na yeye ni kwa sababu haendi kupima. Wengine wote wameshamezeshwa Sipro, antibayotiki nyingine hiyo. Hao nao walikatisha nini?

Mimi nikinunua bando la shilingi mia tano, kampuni ya simu inaniandikia kwa Kiswahili nimepata kiasi gani, linaisha siku gani saa ngapi, na likikaribia kwisha inanikumbusha. Dawa ya kuweza kunitoboa koo napewa tarakimu mbili na alama ya kuzidisha.

Najua wauzaji wa maduka ya dawa muhimu hupitia mafunzo. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 na si wa jana. Basi Baraza la Famasi liagize kibahasha cha karatasi, si plastiki, kilichochapwa picha ya glasi iliyojaa, picha ya mtu amekaa, na saa yenye mishale mitupu ya kujazwa mbele ya mteja. Jina la dawa liandikwe zima. Muuzaji asikiachie mpaka mteja ayarudie maelezo kwa mdomo wake mwenyewe, na foleni ikilalamika ilalamike. Na mikasi yote ya madukani ikusanywe ifungiwe stoo ya halmashauri. Kama stoo haitoshi, nina banda la kuku hapa kwangu ambalo silitumii, lina kufuli, nalitoa bure.

Mstaafu,
Korogwe, Tanga