Tukijadili nani aitwe Simbas, tuanze na mstari wa mbele

Mhariri,

Kila inapokaribia mechi ya raga ya Kombe la Elgon kati yetu Wakenya na Uganda, mjadala huku Malindi huwa ni ule ule, barazani, stejini na hata katika chumba cha walimu. Nani ana mbio zaidi? Nani alifunga trai nyingi katika mashindano ya Driftwood kule Mombasa? Mbona winga fulani wa Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, hajaitwa? Kurasa za michezo nazo hufuata mkondo huo. Naomba jambo moja: mnapopima nafasi ya mchezaji kuingia kikosi cha Simbas, timu yetu ya taifa ya wachezaji 15, anzeni na watatu wa mbele, yaani mapropu wawili na huka anayesimama kati yao.

Sheria za raga zenyewe zinawatanguliza. Timu ikiandikisha wachezaji 23, sharti sita kati yao wawe wanaweza kucheza mstari wa mbele, ili kila mmoja wa wale watatu awe na wa kumpokea. Wakikosekana, skramu, pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana kugombania mpira, huwa za kushikana tu bila kusukumana. Sababu ni usalama wa shingo: asiyefunzwa kusimama pale, skramu ikiporomoka, anaweza kuumia vibaya sana. Kwa hiyo katika nafasi nane za benchi, tatu zimeshachukuliwa kabla kocha hajamfikiria mtu mwingine. Katika tano zilizobaki, maforwadi, yaani wale wa kusukuma skramu, huongezwa wawili au watatu, na mabeki wote wanagombania mbili au tatu za mwisho. Winga anayejua kucheza pembeni tu, hata awe na mbio namna gani, nafasi yake hapo ni finyu. Beki anayeweza kuvaa jezi nambari 10, 12 na 15 atamtangulia. Hilo si upendeleo wa kocha, kama wanavyodai wengi kila kikosi kinapotangazwa.

Kuna watakaonijibu kwa mfano wa Afrika Kusini, na ni mfano mzuri. Katika Kombe la Dunia la 2023 huka wao Malcolm Marx aliumia, wakamwita Handré Pollard, ambaye ni mpigaji mateke, badala ya huka mwingine. Fainalini dhidi ya New Zealand, huka aliyebaki, Bongi Mbonambi, akatolewa kwa jeraha dakika za mwanzo kabisa. Wakashinda 12-11, na alama zote 12 zilitoka mguuni mwa Pollard. Lakini tuitazame hesabu yote. Benchi lao siku hiyo lilikuwa na maforwadi saba na beki mmoja pekee, na miongoni mwao alikuwepo Deon Fourie, flanka, yaani forwadi wa pembeni ya skramu, aliyewahi kucheza huka kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyebeba kazi ya Mbonambi karibu mechi nzima. Wangethubutu kumwita mpigaji mateke kama hawakuwa na Fourie? Nami nauliza, kwetu sisi huka wa kwanza na wa pili wakiumia, wa tatu ni nani? Sijawahi kusikia swali hilo likijadiliwa wiki ya mechi.

Naipenda Shujaa. Aprili 2016, walipoifunga Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Collins Injera kwangu atabaki miongoni mwa wanamichezo wakubwa wa nchi hii. Ila raga ya wachezaji saba ina skramu ya watu watatu kila upande, na kipindi ni dakika saba. Simbas wanasukumana wanane kwa wanane, kwa dakika 80. Mwaka 2018 tulikwenda Marseille kutafuta tiketi ya mwisho ya Kombe la Dunia, Kanada wakatufunga 65-19, Ujerumani 43-6 na Hong Kong 42-17. Mwaka 2022, katika fainali ya Kombe la Afrika, Namibia walitufunga 36-0. Machoni pangu, hatukukosa mbio katika mechi hizo. Tulizidiwa mbele, na mpira ukikufikia nyuma unarudi kinyumenyume, mbio zako hazina kazi.

Wachambuzi wenu watuambie basi kuhusu nambari 3, propu wa kulia, ambaye katika skramu hubanwa na wapinzani wawili kwa pamoja. Kazi yake ikoje baada ya dakika ya 60, magoti yakishalegea? Je, huka na warukaji wake wa laini-auti, wanaoudaka mpira anaourusha kutoka pembeni mwa uwanja, wamezoeana katika klabu moja, Kabras au KCB, au watakutana kambini siku chache kabla ya mechi? Mimi ningemchukua huka wa kawaida anayerusha mpira kwa mrukaji aliyemzoea, nikamwacha hodari ambaye hawajazoeana.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nafundisha vijana. Shuleni kwetu nina mvulana mwenye shingo nene na mgongo mpana, mpole, asiyechoka kujifunza. Nikimweka propu ananuna. Anataka winga, kwa kuwa magazetini na simuni hajaona propu hata mmoja akitajwa kwa jina. Kijana wa huku Pwani tayari ana safari ndefu kufika mahali ambapo wateuzi watamwona. Akipoteza miaka mitatu katika nafasi isiyo yake, safari hiyo haitaanza.

Nawaomba kabla ya mechi ijayo mtoe nusu ukurasa kwa mapropu na mahuka waliomo kambini: wanatoka klabu gani, nani anamkaribia nani, nani bado hajaiva. Nitaukata na kuubandika kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Mwalimu na mkufunzi wa raga,
Maweni, Malindi