Rangi nyeusi haivuti joto

Ndugu Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai ikishika, watu wengi wa Mbeya, Njombe na Makete hutaka sanduku la kupashia maji kwa jua, yaani boksi lenye bati jeusi ndani, bomba la maji lililofungwa kwenye bati hilo na kioo cha dirisha juu, na karibu kila mmoja huja na maneno yaleyale: "Paka nyeusi tu fundi, nyeusi inavuta joto." Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuyasahihishe maneno hayo, maana yanawapotezea watu rangi, bati na maji ya moto.

Kitu cheusi hakivuti chochote. Mwanga ukikigonga, haurudi, basi. Jicho hutambua rangi ya kitu kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hicho. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 400 (nanomita ni mita moja ikigawanywa mara bilioni), upande wa urujuani, hadi 700, upande wa wekundu. Jani la chai la Tukuyu hufyonza sehemu kubwa ya nyekundu na bluu, likarudisha kijani. Lipeleke gizani ulimulike kwa taa nyekundu tupu, utaliona karibu jeusi, kwa kuwa kijani cha kurudisha hakipo. Masizi ya sufuria hufyonza mawimbi yote, kwani masizi ni kaboni, na elektroni zake, chembe ndogo zilizo ndani ya atomi, hazichagui. Nishati iliyofyonzwa huitikisa kaboni yenyewe, na mtikisiko huo ndio joto tunalolihisi kwa mkono.

Weusi unaweza kupatikana hata bila rangi. Chukua boksi la viatu, libandike karatasi nyeupe ndani pande zote, lifunge, kisha toboa tundu la upana wa punje ya hindi. Tundu litaonekana jeusi. Mwanga ulioingia hugonga ukuta huu na ule, kila mara unapungua, na kinachobahatika kutoka ni kidogo mno. Ndivyo dirisha la nyumba yenye kuta nyeupe linavyoonekana jeusi mchana ukilitazama kutoka barabarani.

Sasa twende kwenye sanduku. Kwa kuwa nyeusi haivuti, sanduku lililowekwa kwenye kivuli cha mparachichi halitapasha maji hata ulipake mara kumi. Jua la saa sita mchana, anga likiwa halina mawingu, hutoa karibu wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na hiyo ndiyo mali yote uliyonayo. Mwezi Juni jua letu la mchana huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo inamisha sanduku nyuzi 30 hivi kuelekea huko.

Bati jipya lina mafuta na rangi haitalishika. Lioshe kwa sabuni, lipige msasa, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha rangi nyeusi isiyong'aa mikono miwili myembamba. Ya kung'aa nayo hufanya kazi, na saa sita tofauti ni ndogo, lakini asubuhi na jioni miale ikija kwa mshazari hurudishwa mingi zaidi. Usipake nene, maana rangi nene huchelewesha joto kufika kwenye bati. Liache bati juani siku kadhaa kabla ya kufunga kioo. Rangi mbichi ikipata moto hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo, na kioo chenye ukungu hurudisha mwanga uliokuwa unautafuta.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni bomba kutogusa bati. Bati linaunguza mkono, maji yanatoka baridi! Funga bomba kwenye bati kwa waya kila sentimita 15. Anayetandaza bomba jeusi la plastiki peke yake juu ya paa apige hesabu kwanza: bomba lenye upana wa ndani wa milimita 16 hubeba lita 0.2 kwa mita, hivyo mita 100 ni ndoo moja tu ya lita 20. Upepo wa milima ya Uporoto ukilipitia, joto linaondoka karibu kwa kasi lililoingia. Kioo cha dirisha cha milimita 4 juu yake huzuia upepo, hupitisha mwanga, na hukataa kupitisha mionzi ya joto inayorudi.

Wengine hupaka nyeusi hata mgongo wa bati na nje ya sanduku. Hapo unapoteza. Uso mzuri wa kufyonza ni mzuri pia wa kutoa: jaza maji ya moto kwenye kopo lililopakwa nyeusi na lingine la bati linalong'aa, uyaweke kivulini, na jeusi litapoa kwanza. Kwa hiyo mgongo uache uking'aa, nyuma yake shindilia maranda au pumba za mpunga sentimita 5 hadi 10, zikiwa kavu kabisa. Zikilowa hazizuii tena joto.

Usiku sanduku hilohilo hutoa joto kuelekea angani, na nyeupe ya rangi ya kawaida haitakuokoa, kwa sababu kwenye mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho rangi nyeupe hutoa karibu sawa na nyeusi. Kwenye sakitu ya Makete na Kitulo maji yaliyobaki ndani huganda, yakatanuka, yakapasua bomba. Weka koki sehemu ya chini kabisa na uyamwage yote kabla jua halijazama.

Sisi, walimu wa fizikia na mafundi wa vifaa vya jua,
Mbeya