Kabla hujamchagua profesa kwa wingi wa nukuu

Entebbe, Jumapili

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Mama mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe nikija Morogoro.

Ujumbe wako nimeusoma, unaniuliza umchague profesa yupi akusimamie masomo ya utafiti wa jenetiki. Profesa mmoja ana makala zaidi ya 300 na kipimo cha h, kile cha kupima nukuu za mtafiti, cha 70. Yule mama anayetafiti seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ana makala 40 na h ya 16. Nawe moyo umeshaegemea kwa huyo wa 70. Dada, ngoja kwanza.

Kipimo hicho alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 16 ambazo kila moja imenukuliwa kwenye makala nyingine angalau mara 16, h yako ni 16. Ni hesabu nyepesi, ndiyo maana ofisi zinaipenda. Lakini haiulizi mtu alifanya nini kwenye makala, na kwenye jenetiki hilo ndilo swali lenyewe. Siku hizi jenomu, yaani DNA yote ya mtu, zinasomwa na makundi makubwa. Makala moja inaweza kubeba majina mia na zaidi. Aliyetoa sampuli, aliyechambua takwimu, aliyeleta fedha, wote wamo. Makala ikinukuliwa mara elfu, kila mmoja anaandikiwa elfu nzima. Hakuna kugawana.

Siyapondi makundi hayo. Ile makala ya jenomu za Uganda iliyotoka kwenye jarida la Cell mwaka 2019 ilitumia takwimu za watu wapatao 6,400 wa upande wa Kyamulibwa, na karibu 2,000 kati yao jenomu yao ilisomwa yote. Kazi hiyo mtu mmoja angeifanyaje? Ila jina lililoko katikati ya orodha ndefu halikuambii kama mwenye jina ataisoma rasimu yako.

Sasa fanya hivi. Fungua ukurasa wa huyo wa 70 kwenye Google Scholar, mtandao unaoorodhesha makala za watafiti na nukuu zake. Utakuta makala zimepangwa kwa nukuu, zile nono juu. Zipange upya kwa mwaka, uone anafanya nini sasa hivi, maana h haishuki hata mtu akiacha maabara miaka kumi. Ukurasa huo pia unahesabu hata nukuu anazojinukuu mwenyewe. Kisha angalia nafasi ya jina lake. Unajua desturi ya fani yetu: wa kwanza ndiye aliyeihangaikia kazi, wa mwisho ndiye mwenye maabara. Chukua zile ambazo yeye ni wa mwisho, uwaangalie waandishi wa kwanza. Ni wanafunzi wake? Walimaliza? Wako wapi leo? Hapo mimi hukaa muda mrefu kuliko kwenye namba zote. Ukiona wanafunzi wamebanwa katikati kila mara, na mbele wako wageni wenye mashine za kusoma DNA, umeshapata jibu.

Tuje kwa yule mama. Seli mundu Uganda haikuanza jana: Lehmann na Raper walichapisha mgawanyo wake nchini humu kwenye jarida la Nature mwaka 1949. Mwaka 2016 ukatoka uchunguzi kwenye jarida la The Lancet Global Health, uliopima sampuli 97,631 za damu iliyokaushwa, nyingi za watoto wachanga waliopimwa VVU. Asilimia 13.3 walikuwa na kinasaba kimoja cha seli mundu, na 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa takwimu kama hizo wizara inajua ianzie wilaya gani. Muuguzi anayempima mtoto Bundibugyo haandiki makala, kwa hiyo hamwongezei mtafiti hata nukuu moja. Ukisoma h ya 16 ya mtu wa kazi hiyo, likumbuke hilo.

Simaanishi kwamba mwenye nukuu chache ndiye bora. Wapo wenye chache kwa sababu hawafanyi kitu, na wapo wakubwa wanaolea wanafunzi vizuri mno. Huyo wako wa 70 huenda ni mmoja wao. Ndiyo maana nakusihi uwatafute wawili: mwanafunzi wake mmoja aliyemaliza, na mmoja aliyeacha katikati. Huyo aliyeacha ndiye wa kuongea naye kwa simu, si kwa barua pepe. Mtu haandiki mambo hayo.

Nitumie viungo vya kurasa zote mbili nizipitie jioni nikitoka kazini. Na barua ya kukubali usiitume kabla hatujaongea.

Mwenzako wa Entebbe