Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na karibuni nyote. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na kodi ya banda la ndege imelipwa. Kwa hayo mawili sina la kuongeza. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotutia hofu mwezi wa Agosti, pale Super Cub, ndege yetu ndogo, ilipokwenda mrama kabla haijaruka.

Mwenzetu aliyekuwa akiirusha hakuumia, alhamdulillahi. Kesho yake asubuhi nilikwenda naye kule kiwanjani, tukazifuata alama za magurudumu kwa miguu. Mwanzo zilinyooka vizuri. Kisha mstari mwembamba wa gurudumu la mkia ukakatika, maana hapo ndipo mkia ulipoinuka. Hatua chache mbele, alama mbili kubwa zikaanza kupinda kushoto, zikazidi kupinda, zikaishia kama ndoana. Nje ya ndoana ile, ncha ya bawa la kulia ilikuwa imechimba mfereji kwenye changarawe. Alisimama pale kitambo, hasemi neno.

Ndege ya gurudumu la mkia, kama hii yetu, uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu makubwa. Wenye mikokoteni pale Kongowea wanaijua tabu hiyo: mkokoteni ukiuvuta unakufuata, ukiusukuma kila kijiwe kinaugeuza kichwa. Pua ikishakwenda upande, uzito wa nyuma unazidi kuipeleka huko huko.

Na rafadha ya Super Cub yenyewe huvuta pua kushoto. Mkia ukiwa bado chini, panga lake la kulia linaloshuka huuma hewa zaidi kuliko la kushoto linalopanda, na upepo wake hujizungusha ukaupiga mkia ubavu wa kushoto. Mkia unapoinuliwa, rafadha hufanya kama pia ya watoto inayozunguka ukiisukuma: hukwepa upande, na upande huo kwetu ni kushoto tena.

Sasa ongeza kusi. Jahazi lililotia nanga hugeuza omo upepo unakotoka, na ndege nayo ni vivyo hivyo. Siku ile kusi ilitoka kushoto. Mivuto yote ikawa upande mmoja, na dawa ilikuwa mguu wa kulia, yaani kukanyaga pedali inayorudisha pua kulia, nao ulichelewa kidogo tu. Usukani wa mkono nao haukulazwa joshini, yaani upande unakotoka upepo, upepo ukapata nafasi ya kuinua bawa la kushoto na kulikandamiza la kulia.

Simlaumu mwenzetu, na naomba asilaumiwe na yeyote hapa. Kosa ni letu. Tunafundishana kutua miezi na miezi, kuruka tunakueleza kwa dakika moja, kana kwamba ndege itajiendea yenyewe. Nimekuwa mmoja wa wanaofundisha hivyo, na linaniuma.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, hapa uwanja wa Moi, Mombasa, msimu wa kusi tusiikubali kwa mazoea njia ya kurukia ya 21, yaani inayoelekea nyuzi 210 hivi za dira. Kusi ya noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa) ikitoka nyuzi 160, zaidi ya noti 11 zinakupiga ubavu wa kushoto. Njia ya 15 inaielekea kusi karibu uso kwa uso, na mita zake 1,260 zinaitosha Super Cub kabisa. Tuwaombe waongozaji wa ndege, na wakikataa tusubiri. Kaskazi ikirudi, njia ya 03 itatufaa bila ugomvi.

Pili, kila rubani wetu aruke tena na mwalimu. Marekani, aliyekuwa hajawa rubani kiongozi wa ndege za namna hii kabla ya Aprili 15, 1991 hawezi kuwa hivyo mpaka mwalimu atie sahihi, na sheria haikutaja idadi ya saa, imetaka ustadi, kuruka na kutua katika upepo wa ubavuni ukiwemo. Nasi tufanye hivyo. Nguvu ya injini iongezwe polepole, mkia ukandamizwe chini mpaka usukani wa mkia uanze kushika, kisha uinuliwe taratibu huku mguu wa kulia ukitangulia. Na asije mtu na buti la soli nene, maana halihisi pedali.

Kitambaa cha bawa kimebadilishwa na rangi imekauka. Mafunzo yanaanza Jumamosi, na mwenzetu huyo ndiye atakayeketi kiti cha mbele kwanza, mimi nyuma yake.

Mwenyekiti