Mnyonge mnyongeni, lakini tumbusi apewe haki yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimtetee ndege asiye na wa kumsemea. Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilitoa katuni ya viongozi wala rushwa waliochorwa kama tumbusi, wenye shingo tupu na midomo ya kulabu, wakiwa wameuzunguka mfuko wa fedha za umma. Sina ugomvi na ujumbe wa katuni ile, na nilicheka kama walivyocheka wasomaji wengine. Ila nilipoliweka gazeti chini nilijiuliza tumbusi ametukosea nini hata jina lake liwe tusi la kila mroho: mrithi anayehesabu nyumba kabla baba hajazikwa, na mgeni ambaye msibani huonekana wakati wa chakula tu.

Nilikuwa bwana mifugo kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa, kabla ya kustaafu. Kazi hiyo ilinikutanisha na mizoga mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na penye mzoga hakukosekani tumbusi. Nakiri kwamba miaka ya mwanzo nilikuwa miongoni mwa waliowafukuza kwa mawe, kwa kuamini kwamba wanauzoa ugonjwa kwenye nyamafu ya huyu na kuupeleka kwenye zizi la yule. Niliwaambia hivyo wafugaji walioniamini kwa sababu ya sare yangu, na barua hii kwa kiasi fulani ni deni langu kwao.

Aliyewahi kukaa kando ya mzoga tangu mwanzo hadi mwisho anajua kwamba pale pana utaratibu wake. Tumbusi haanzi safari alfajiri kama kunguru. Husubiri jua lipashe ardhi joto, kisha hupanda na hewa ya moto inayoinuka, akizunguka bila kupiga mabawa, mpaka awe nukta tu angani. Tumbusi wetu hatafuti chakula kwa kunusa, bali kwa macho, na hatazami chini peke yake. Huwatazama pia wenzake waliotawanyika kilomita kadhaa huku na huku. Mmoja akishuka, wa karibu naye humfuata, na wa nyuma yake humfuata huyo, hata anga lililokuwa tupu linajaa ndege kabla mchungaji hajamaliza kuchuna ngozi.

Wa kwanza kujazana aghalabu ni tumbusi mgongo mweupe, wenye kelele na ugomvi usiokwisha, lakini ngozi ya ng'ombe au nyati ambayo haijachanwa huwashinda. Hulazimika kumngoja yule mkubwa mwenye mikunjo ya ngozi nyekundu kichwani, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 2.8, na ambaye mdomo wake hupasua ngozi kama kisu cha mchinjaji. Akishafungua, wenye shingo ndefu huingiza vichwa mpaka mabegani, na hapo ndipo mtu anapoelewa faida ya shingo isiyo na manyoya: manyoya yangegandamana kwa damu na uozo, ilhali ngozi tupu hukaushwa na jua, na pia humsaidia ndege kupoza mwili mchana wa kiangazi. Tumbusi wadogo wa mdomo mwembamba hudonoa masalia mifupani. Korongo mfukoshingo, ambaye majirani zetu wa Kampala humwita kaloli, husimama kando kama mzee wa baraza aliyevaa koti, akivizia vipande vilivyochanwa na wengine, kwa kuwa mdomo wake, pamoja na ukubwa wake wote, si wa kuchana. Na wale wanaodhani kwamba mla mizoga hana akili, wajue kwamba hapa hapa Serengeti katika miaka ya 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall na mpiga picha Hugo van Lawick walimwona tumbusi mweupe, mdogo kuliko wengi wa jamaa zake, akiokota jiwe kwa mdomo na kulirushia yai la mbuni mpaka likapasuka. Mwaka 1973 tumbusi mwingine, wa aina ya Rüppell, aligongana na ndege ya abiria juu ya Ivory Coast, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Sijui ndege mwingine aliyewahi kukutwa juu kiasi hicho.

Lakini sikuandika ili kuwasifia mbwembwe. Tumbo la tumbusi lina tindikali kali mno, ya pH inayokaribia 1, na ndani yake vijidudu vingi vinavyotuua sisi na mifugo yetu huteketea. Ndiyo maana anaweza kula mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta asidhurike. Hapa niseme wazi, nisije nikanukuliwa vibaya: sishauri mfugaji amwachie tumbusi mzoga anaoushuku kuwa wa kimeta. Mzoga huo usichunwe, usipasuliwe, ufukiwe kwa kina au uchomwe, na ofisi ya mifugo ipewe taarifa. Ninazungumzia ile mizoga isiyohesabika ya porini ambayo hakuna bwana mifugo atakayeifikia. Katika mto Mara pekee, watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 huzama kila mwaka wakati wa kuvuka, nao ni takriban tani 1,100 za nyama inayooza katika maji yanayoelekea Ziwa Victoria. Tumbusi hawaimalizi yote, maana samaki, mamba na maji yenyewe huchukua sehemu kubwa, lakini wao na korongo ndio wanaojipanga kwenye miamba na kingo za mto ule, siku baada ya siku, bila posho.

Mzoga usipopata tumbusi huwa na wageni wengine. Jaribio lililofanywa Laikipia, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2012, lilionyesha kwamba mizoga ambayo tumbusi hawakuifikia ilichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kwisha, na mamalia waliokuja kuila, fisi na mbweha wakiwemo, waliongezeka mara tatu na kukaa pale kwa muda mrefu zaidi. Msomaji aliyewahi kupambana na kichaa cha mbwa kijijini kwake ataona mara moja tatizo liko wapi: mnyama mwenye meno na mate, akisukumana na mwenzake juu ya mfupa mmoja, kisha usiku akienda zake kwenye maboma ya watu.

Wahindi walilijua hilo kwa gharama kubwa. Miaka ya 1990 tumbusi wa aina tatu walianza kutoweka kule, na ndani ya takriban miaka 15 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 ndipo ilipotangazwa sababu: diklofenaki, dawa ile ile ambayo wengi wetu tumeimeza kwa maumivu ya mgongo, ilikuwa ikipewa ng'ombe, na tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa muda mfupi kabla ya kufa aliharibika figo na kufa. Mizoga ikabaki, mbwa koko wakaongezeka. Jamii ya Waparsi wa Mumbai, ambao tangu zamani huwaachia ndege hao miili ya wafu wao juu ya minara, walijikuta hawana wa kuikamilisha ibada hiyo. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na mwaka 2024 wachumi wawili walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu wapatao 500,000 zaidi ya vile ambavyo vingetokea. Nimeisoma tarakimu hiyo mara kadhaa, nikidhani labda macho yangu ya uzeeni yameongeza sifuri.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa tuna njia yetu ya kuwamaliza. Simba au fisi akiua ng'ombe usiku, mwenye ng'ombe humimina kiuatilifu kwenye mabaki ili mwindaji akirudi afe. Miaka mingi sumu iliyotajwa zaidi ilikuwa karbofurani, ile ya punje za zambarau iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, ambayo mwaka 2009 mtengenezaji wake aliiondoa katika soko la Kenya baada ya simba kufa. Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe, bila kutaja kijiji. Niliitwa asubuhi baada ya mfugaji kuuawa dume lake la kulimia. Sumu ilikuwa imekwisha kuwekwa jana yake. Simba hakurudi. Tulihesabu tumbusi 23 waliolala kifudifudi, mabawa wazi, wengine wakiwa hatua chache tu kutoka kwenye mzoga, na karibu nao mbwa wawili wa huyo huyo mwenye dume. Mzee alisimama pale muda mrefu, akaniambia, "Bwana mifugo, mimi nilimtaka simba tu." Siku sita baadaye simba aliua ndama katika zizi la pili.

Tukio hilo halikuingia kwenye taarifa yoyote, lakini mengine yameingia. Februari 2018, katika eneo hili la Ruaha, simba 6 na tumbusi 74 walikufa kwa sumu. Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwenye mizoga ya tembo watatu, na wao hawakufa kwa bahati mbaya. Jangili hupaka sumu mzoga wa tembo kwa makusudi, kwa sababu kundi la tumbusi linalozunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangukia, naye jangili angependa apate muda wa kukata pembe na kuondoka. Yaani ndege huyu anauawa kwa sababu anatoa taarifa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioangalia nchi 26 za Afrika, ulikuta kwamba katika vifo vya tumbusi vilivyoripotiwa, asilimia 61 vilitokana na sumu, na asilimia 29 vilitokana na biashara ya viungo vyao kwa ajili ya tiba na imani za jadi. Mwaka mmoja kabla ya hapo aina nne za tumbusi wa Afrika, akiwemo huyu mgongo mweupe tuliyezoea kumwona, zilikuwa zimewekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Idadi ikishuka hairudi haraka, maana jike hutaga yai moja tu, kinda hukaa kiotani takriban miezi minne, na huchukua miaka kama mitano kabla hajaanza kuzaa. Kuku angekuwa na uzazi wa namna hiyo, pilau ya Idi ingekuwa na viazi vitupu.

Wapo watakaosema kunguru watajaza nafasi. Wakazi wa Dar es Salaam na Unguja wanaweza kuwajibu kwa niaba yangu, wao wanaoishi na kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kuondoa taka, na ambaye leo anaiba vifaranga, anakula mayai ya ndege wa asili na kuchafua mabaraza.

Ninachoomba, Mhariri, si kikubwa. Kwanza, wenye mamlaka ya viuatilifu na wa serikali za mitaa wafuatilie sumu zinazouzwa minadani kwa kupimwa kwenye vifuniko na mifuko ya nailoni, zisizo na jina wala maelekezo, kwa kuwa huko ndiko mfugaji mwenye hasira huipata kwa bei ya soda. Pili, diklofenaki ya mifugo isipewe nafasi nchini. Mwaka 2007 ilikwisha kukutwa ikiuzwa kwa wahudumu wa mifugo hapa Tanzania, na hakuna sababu ya kuing'ang'ania wakati meloksikamu inatuliza maumivu ya ng'ombe na imethibitika kuwa salama kwa tumbusi. Nawaomba mabwana mifugo wenzangu walio kazini waiandike hiyo. Tatu, mfugaji aliyeliwa ng'ombe asikilizwe mapema. Kifuta machozi kinachofika baada ya mwaka mzima, kikiwa pungufu, hakimzuii mtu kwenda kununua sumu. Zizi imara la waya au miiba iliyoshonana vizuri linazuia, nami nimeona vijiji ambavyo vilijenga mazizi ya namna hiyo vikasahau habari ya simba kwa misimu kadhaa.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba kila mwaka huadhimishwa duniani kama siku ya tumbusi. Ningefurahi kama mwaka huu gazeti lako lingempa ndege huyu ukurasa mmoja wenye picha nzuri, iliyopigwa akiwa angani, kwa kuwa ardhini, lazima nikubali, hapendezi.

Na kuhusu ile katuni, mchoraji wako asinielewe vibaya; mkono wake nauheshimu. Siku nyingine akitafuta mdudu au mnyama wa kumfananisha na mla fedha za umma, namshauri amchore kupe. Nimepigana naye majoshoni kwa miaka 31 na ninamfahamu vizuri: huyo hangoji ng'ombe afe.

Wako,
Bwana mifugo mstaafu,
Iringa