Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Marekani: rubani wa mizigo naye anahitaji usingizi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Louisville, Kentucky. Mimi ni dereva wa basi dogo la hoteli. Jioni nawapeleka marubani wa ndege za mizigo uwanjani, asubuhi nawarudisha. Wengine husinzia kabla hatujatoka getini, kofia magotini, mdomo wazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mji huu una Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi wanaopakia ndege hizo usiku kucha, na nataka wajue ninachokuomba.

Naomba uufute msamaha uliowaacha marubani wa mizigo nje ya kanuni za mapumziko.

Februari 2009 ndege ya abiria ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, na watu 50 wakafa. Mwaka uliofuata Bunge likaagiza kanuni mpya za kuzuia uchovu wa marubani, nazo zikaanza kutumika Januari 2014. Rubani wa abiria lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake saa 8 za kulala bila kusumbuliwa. Kama ana mwenzake mmoja tu na zamu inaanza kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, isizidi muda wa saa 9. Rubani wa mizigo hakuwekwa humo. Akiruka na mwenzake mmoja, kanuni za zamani zinaruhusu awe kazini hadi saa 16 katika saa 24. Mamlaka ya anga iliyo chini yako ilisema kuwaingiza watu wa mizigo kungegharimu kuliko faida yake. Lakini hao ndio wanaofanya kazi usiku kuliko wote!

Kabla kanuni hizo hazijaanza, tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya UPS, kampuni ya mizigo, iliyotoka hapa Louisville ilianguka ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, saa kumi na dakika 47 alfajiri. Marubani wote wawili walikufa. Kinasa sauti kilikuwa kimehifadhi mazungumzo yao: walizungumzia uchovu, na jinsi kanuni mpya zilivyowaruka watu wa mizigo. Kila nikikumbuka hilo koo hunikauka.

Najua utakachojibiwa na wasaidizi wako. Bodi ya usalama wa usafiri ilisema chanzo ni namna walivyoteremka kutua bila kufuatilia kimo, na kuhusu uchovu wa rubani msaidizi ilitaja pia jinsi alivyotumia muda wake wa mapumziko. Ni kweli, sikatai. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaja saa ya usiku ambayo mwili wa binadamu hutaka kulala. Mtu hawezi kuuamrisha mwili wake ulale saa nne asubuhi jua likiwaka, kisha uwe macho saa kumi alfajiri, halafu wiki ijayo ubadilike tena. Nimefanya kazi ya usiku miaka mingi, na mimi naendesha basi tu.

Mheshimiwa, jambo lenyewe linagusa mishahara pia. Kile ambacho sheria haikumpa rubani wa mizigo, inabidi akitafute katika mkataba. Chama chake kinakaa mezani na mwajiri, usingizi ukiwa upande mmoja na nyongeza ya mshahara upande wa pili. Chama chenye nguvu hupata vyote viwili. Chama kidogo hulazimika kuchagua. Na meza hiyo inaongozwa na sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, inayowahusu pia watu wa ndege, ambayo haiwaruhusu kugoma mpaka bodi ya upatanishi iwaachilie, kisha wangoje siku 30. Mazungumzo huchukua miaka. Novemba 2016 marubani wa ABX Air, kampuni ya ndege za mizigo yenye makao Ohio, waligoma wakilalamika kwamba marubani ni wachache na wanaitwa kazini siku zao za mapumziko. Siku ya pili hakimu aliwaamuru warudi. Uhaba wa watu na kukosa usingizi ni ugonjwa mmoja: kampuni isiyoajiri wa kutosha huwabana wale ilio nao, na sheria inairuhusu.

Sitaki kuchanganya mambo. Ajali ya hapa kwetu ya Novemba 2025, iliyoua marubani watatu na watu waliokuwa chini, ilianza kwa injini kung'oka bawani. Haikuwa usingizi. Naitaja kwa sababu tangu siku ile hakuna mtu mtaani kwangu anayeamini kwamba ndege ya mizigo ikianguka inawaua waliomo peke yao.

Muswada wa kuondoa msamaha huu umepelekwa bungeni mara kadhaa bila kupita. Usiusubiri. Iagize mamlaka ya anga ifungue upya kanuni hii, na iwaite marubani wa zamu ya usiku watoe ushahidi. Wakikosa usafiri, nitawaleta mwenyewe.

Wako mtiifu,
Dereva wa zamu ya usiku, Louisville